Bandari Iliyogeuka Shamba la Pamba: Ardhi ya Mediterania na Mikono ya Watu

Wasomaji wa Biblia wanaikumbuka Mileto. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 20, Paulo anatia nanga hapo akiwa njiani kwenda Yerusalemu. Anawaita wazee wa Efeso, wanaangua kilio wakimkumbatia, kisha wanamsindikiza hadi merikebuni. Huo ulikuwa mji wa pwani wenye bandari. Ukienda Mileto leo, magharibi mwa Uturuki, ukumbi mkubwa wa maonyesho uliojengwa kwa mawe bado umesimama ubavuni mwa kilima. Panda ngazi zake hadi juu, tazama upande ilikokuwa bandari. Huoni maji, unaona mashamba ya pamba. Kisiwa cha Lade, ambacho mwaka 494 KK Wagiriki wa Ionia walipigana mbele yake na merikebu za Waajemi, sasa ni kilima kidogo katikati ya konde.

Bahari haikukauka. Kilichotokea ni kwamba udongo wa milimani ulishuka na mto ukaijaza ghuba nzima. Nimeanza na bandari hiyo kwa sababu inasaidia kufungua fundo ambalo naliona likikazwa kila mwaka.

Ifikapo Julai na Agosti simu zetu hujaa video za moto wa Ugiriki, Ureno, Hispania na Aljeria. Miezi miwili mitatu baadaye video hugeuka kuwa za mafuriko. Chini yake watu huandika maoni yaleyale: wengine husema ni mabadiliko ya tabianchi, basi, hakuna zaidi, wengine husema wenyewe walikata misitu yao tangu zamani, sasa wanavuna walichopanda. Jamaa mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp aliongeza neno ambalo ndilo lililonifanya nikae chini kuandika. Alisema nchi zile zimebaki mawe matupu kwa sababu ya mbuzi, na kwetu kutakuwa hivyohivyo tusipowaondoa wafugaji. Maoni yote hayo yana chembe ya ukweli ndani yake. Ila hilo la mwisho limewahi kuwanyang'anya watu ardhi, na nitaeleza lilivyofanya hivyo.

Kwanza maneno yenyewe. Tukisema tabianchi ya Mediterania hatumaanishi tu hali ya hewa ya nchi zinazoizunguka bahari hiyo. Tunamaanisha mpangilio wa pekee wa mvua na jua. Mvua hunyesha majira ya baridi, na majira ya joto hukauka kabisa, pengine miezi mitatu au minne bila tone. Kwetu mvua na joto huja pamoja: masika yakianza, kila kitu kinaota, kwa kuwa jua lipo na maji yapo. Kule mmea hupewa maji wakati wa baridi, na jua kali huja wakati maji yamekwisha. Ndiyo maana mimea mingi ya huko ina majani madogo, magumu, yenye nta au mafuta: mizeituni, mialoni isiyopukutisha majani, misonobari, na vichaka vyenye harufu kali kama rozmari. Majani ya namna hiyo hutunza maji vizuri. Vilevile hushika moto haraka.

Mvua za kwanza za vuli nazo huikuta ardhi imekauka na nyasi zimekwisha. Zikianguka kwa kishindo, hubeba udongo. Huko kubebwa ndiko mmomonyoko, na udongo uliobebwa ukituama mahali huitwa mashapo, neno lilelile tunalolitumia kwa unga wa kahawa unaobaki chini ya kikombe. Na matumizi ya ardhi ni kila anachofanya binadamu juu yake: kulima, kulisha, kukata, kuchoma, kuchimba madini, kujenga. Wengi husahau kwamba kuacha nako ni kutumia. Shamba lililoachwa lina historia ya jembe ndani yake, na haliwi tena kama lilivyokuwa kabla ya kulimwa.

Sasa, mtu atauliza, haya ya miaka elfu nane iliyopita yanajulikanaje? Umewahi kumwona mnunuzi sokoni akichoma gunia la mchele kwa bambo ili ajue kilichomo katikati na chini? Watafiti hufanya jambo linalofanana na hilo. Huzamisha bomba refu katika sakafu ya ziwa au bwawa la kinamasi na kutoa mhimili wa tope, la juu likiwa la juzi na la chini likiwa la maelfu ya miaka. Ndani ya tope hilo kuna chavua, ule unga mwembamba wa maua. Ganda la chembe ya chavua ni gumu mno, na likizama pasipo na hewa hudumu. Chini ya hadubini, chavua ya mzeituni haifanani na ya msonobari, wala ya ngano haifanani na ya mwaloni. Ukizihesabu tabaka baada ya tabaka, pamoja na vipande vya mkaa vilivyoachwa na moto, unapata orodha ya kilichokuwa kinaota karibu na ziwa hilo, karne baada ya karne.

Orodha hiyo haisemi tunachotarajia kila mara. Katika nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Uturuki, tope la maziwa linaonyesha kuwa kuanzia takriban mwaka 1500 KK misitu inapungua na chavua ya mizeituni, mizabibu, jozi na nafaka inapanda. Watu wamefungua mashamba. Hali hiyo inadumu zaidi ya miaka 2,000. Kisha, karibu na karne ya 7 BK, nyakati za vita na misukosuko, mizeituni na jozi zinatoweka kwenye tope na misonobari inachukua nafasi. Wataalamu wamekiita kipindi hicho awamu ya Beyşehir, kwa jina la ziwa la eneo hilo. Msitu ulirudi, ingawa haukurudi ule wa mwanzo, kwa kuwa safari hii misonobari ndiyo iliyotawala. Kwa hiyo picha ya mstari mmoja unaoshuka tu, kutoka bustani ya Edeni hadi jangwa, haikubaliani na tope.

Mambo ya kale nitayapitia haraka. Wakulima wa kwanza walifika Knossos, kisiwani Krete, karibu mwaka 7000 KK. Walivuka maji wakiwa na mbegu za ngano, kondoo na mbuzi. Hispania kilimo kilifika karibu 5500 KK. Zikaja dola, migodi, majeshi na miji iliyohitaji mbao, kuni na mkate. Warumi waliyeyusha madini ya fedha na ya risasi huko Hispania kwa wingi hata chembe za risasi zikapaa na kwenda kuganda katika barafu ya Greenland, ambako wanasayansi wamezipima.

Sasa turudi Mileto, kwa kuwa hapo kuna shahidi wa zamani ambaye mimi namheshimu sana. Katika karne ya 2 BK, msafiri wa Kigiriki aitwaye Pausanias aliandika juu ya mto unaoitwa leo Büyük Menderes, ule ulioijaza ghuba. Anasimulia kwamba mji jirani wa Myus ulikuwa na ghuba ndogo. Mto ukaifunga kwa tope, maji ya chumvi yakageuka kuwa ziwa la maji baridi, mbu wakazaliana makundi kwa makundi hadi wakazi wakauhama mji wao na kwenda Mileto. Sisi tunaoishi na malaria hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Mahali pengine msafiri huyohuyo anatoa sababu. Mto Achelous, upande wa magharibi wa Ugiriki, anasema hauleti tope jingi baharini kwa sababu watu wa Aetolia walihamishwa na nchi yao haikulimwa tena. Lakini Menderes unapita katika nchi za Frigia na Karia, ambazo hulimwa kila mwaka, na ndiyo maana umeigeuza bahari kuwa nchi kavu kwa muda mfupi. Tazama jinsi alivyofikiri: mito miwili, mmoja wenye wakulima na mwingine usio nao, kisha akalinganisha tope. Hakuwa na hadubini wala maabara, na bado hoja yake inakaribiana sana na wanayosema watafiti wa leo kuhusu Menderes.

Hapa ndipo wengi hurukia hitimisho kwamba basi milima yote ya mawe tunayoiona kule ilikuwa misitu minene na binadamu ndiye aliyeivua nguo. Ushahidi unaopendwa zaidi ni wa mwanafalsafa Plato. Katika maandishi yake yaitwayo Critias, ya karne ya 4 KK, anasema nchi ya Attika, yaani mkoa wa Athens, imebaki kama mifupa ya mwili wa mgonjwa: udongo laini na mnono umekwenda, umebaki mwili uliokonda wa nchi. Ni maneno mazito, nayo hurudiwa kila mahali. Kinachoachwa ni kwamba Plato alikuwa akiisimulia Athens ya kubuni iliyopigana na Atlantis, kisiwa cha hadithi, na udongo huo, kwa maelezo yake, ulichukuliwa na mafuriko makubwa katika muda wa miaka 9,000. Hamtaji mbuzi, wala halaumu panga au jembe. Mwaka 1864 Mmarekani George Perkins Marsh, aliyekuwa balozi wa nchi yake Italia, alichapisha kitabu kilichoilaumu mikono ya binadamu kwa uharibifu wa nchi za Mediterania. Kilisomwa sana, na tangu hapo simulizi la nchi iliyoharibiwa likakaa kama jambo lililothibitishwa.

Milima mingi ya huko ni ya chokaa. Chokaa huyeyuka kwa maji ya mvua, na mabaki yake ya udongo ni machache, hivyo mvua nyingi hutitia kwenye nyufa kabla mizizi haijainywa. Kuna miteremko ambayo haikuwahi kuwa na udongo wa kutosha msitu mnene, hata kabla mtu wa kwanza hajashuka pwani. Na kile kichaka cha miti mifupi yenye miiba hakilazimiki kuwa maiti ya msitu. Mara nyingi ni uoto wenye uhai wake, uliozoea ukame na moto muda mrefu kabla ya jembe.

Sisemi hakuna kilichoharibiwa. Mierezi ya Lebanoni tunaifahamu kutoka Kitabu cha Wafalme, Hiramu wa Tiro akimpelekea Sulemani magogo kwa ajili ya hekalu. Kabla ya hapo, karibu 2500 KK, mashua ya Farao Khufu iliyofukiwa kando ya piramidi yake ilijengwa kwa mbao hizohizo. Kufikia karne ya 2 BK Mfalme Hadrian wa Roma aliona miti inakwisha, akaamuru maandishi yachongwe kwenye miamba ya milima ya Lebanon kutangaza kuwa aina fulani za miti ni mali ya dola. Zaidi ya 100 ya maandishi hayo bado yanaonekana. Mierezi yenyewe leo imebaki mafungu mafungu, lililo mashuhuri zaidi likiwa juu ya mji wa Bsharri. Hasara hiyo ilitokea kweli, na waliotumia shoka ni wafalme na majeshi kuliko mchungaji mwenye mbuzi kumi.

Nimeahidi kueleza hoja ya mbuzi ilivyonyang'anya watu ardhi. Mwaka 1830 Ufaransa iliivamia Aljeria. Maafisa na walowezi wake wakasimulia kwamba Afrika Kaskazini ilikuwa ghala la nafaka la Roma, kijani tupu, hadi Waarabu na makundi yao ya mifugo walipokuja kuigeuza jangwa. Na kwamba Ufaransa, mrithi wa Roma, imekuja kuirudishia uzima. Simulizi hilo likazaa sheria. Wafugaji walifungiwa malisho yao ya msituni, desturi ya kuchoma nyasi ikawa kosa, na sheria ya mwaka 1874 iliruhusu kijiji au kabila zima kuadhibiwa kwa moto ambao aliyeuwasha hakujulikana. Ardhi ikahamia mikono mingine. Mwanajiografia Diana K. Davis amelichambua simulizi hilo na kuonyesha kwamba chavua ya Afrika Kaskazini haiungi mkono habari ya misitu kuporomoka kwa ujio wa wafugaji, na kwamba ukataji mkubwa wa misitu ulishika kasi katika enzi ya ukoloni huohuo.

Wasomaji wa Ukambani watakuwa wameshaisikia sauti hiyo. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ya Kenya ilikamata ng'ombe wa Wakamba kwa hoja kwamba mifugo imeiua ardhi ya Machakos. Maelfu ya watu, Muindi Mbingu akiwa kiongozi wao, walikwenda Nairobi kudai mali yao. Miaka hamsini baadaye watu wa Machakos walikuwa wameongezeka mara tano hivi, na mmomonyoko ulikuwa umepungua. Walikuwa wamechimba matuta kwa mikono yao, mtaro unachimbwa na udongo unatupwa upande wa juu. Mbinu hiyo inaitwa "fanya juu", na neno hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya wataalamu wa udongo duniani kote. Sidai kwamba maafisa wa Nairobi walinakili Aljeria. Ila hoja ilikuwa ileile, na ilikosea kwa namna ileile.

Mbuzi je, hana kosa? Wengi mno mahali padogo huharibu, na Wagiriki wa kisiwa cha Samothraki wanajua. Huko mbuzi na kondoo walifika makumi ya maelfu kwenye kisiwa chenye watu wasiozidi 3,000, na miteremko ikabaki wazi. Waliongezeka hivyo, kwa sehemu kubwa, kwa sababu ruzuku za Ulaya zililipwa kwa hesabu ya vichwa vya wanyama. Mbuzi alikula majani kama mbuzi. Idadi iliamuliwa ofisini.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini, nalo ni kuta. Kuanzia kisiwa cha Mallorca, Hispania, hadi mkoa wa Liguria, Italia, hadi visiwa vya Ugiriki, hadi Lebanon, miteremko imekatwa ngazi ngazi, na kila ngazi imeshikwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji. Mwaka 2018 UNESCO iliuingiza ufundi huo, kwa maombi ya nchi nane, katika orodha ya urithi usioshikika. Ukuta wa namna hii una akili yake. Mawe makubwa hukaa chini, madogo hujazwa nyuma, na kwa kuwa hakuna saruji, maji hupenya kwenye nafasi na kutoka polepole bila kusukuma. Udongo hubaki. Hapo juu utakuta mzeituni mmoja, mistari miwili ya mizabibu, pengine maharage.

Ila ukuta huu haujamalizika kujengwa kamwe. Baada ya mvua kubwa jiwe moja hutoka, kama jino. Zamani mwenye shamba alipita asubuhi, akalirudisha, akaendelea na kazi. Kuanzia miaka ya 1950 vijana walianza kushuka mijini, wakaenda Barcelona, Athens, Ujerumani kwenye viwanda. Trekta halipandi ngazi yenye upana wa mita mbili, na mafuta ya zeituni ya kule juu hayakuweza kushindana kwa bei na ya bondeni. Mwenye kurudisha jiwe hayupo. Udongo humiminikia kwenye pengo, mawe ya jirani hulegea, ukuta hutoa tumbo, na msimu mmoja huanguka na kuifukia ngazi ya chini, ambayo nayo huusukuma ukuta wake.

Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua kubwa ilinyesha juu ya Cinque Terre, Italia. Kijiji cha Vernazza, kile chenye nyumba za rangi kinachopendwa na watalii, kilifukiwa na matope na mawe, milango ya maduka ikazibwa, watu wakafa. Waliochunguza miteremko baadaye walikuta kwamba sehemu kubwa ya maporomoko ilianzia kwenye ngazi zilizoachwa. Ndiyo sababu siwezi kukubali kwa urahisi usemi kwamba ardhi ikiachwa itajiponya. Mteremko ambao haukuguswa una mizizi yake. Mteremko uliokatwa ngazi kwa miaka elfu unashikwa na ukuta, na ukuta unashikwa na mtu.

Moto nao una habari inayofanana. Fikiria kijiji cha zamani cha Ureno ya kati: shamba la ngano, kisha mizabibu, kisha malisho yaliyoliwa hadi chini, kisha msitu mdogo ambao watu waliokota kuni na majani makavu ya kutandika zizini. Moto ukianza, baada ya muda mfupi hukosa cha kula. Waondoe watu hao. Katika miaka ishirini mashamba yameota vichaka, vichaka vimeungana na misonobari, na kilichokuwa viraka viraka sasa ni kanga moja isiyo na mshono. Juu yake ongeza mikaratusi. Tunaijua vizuri Njombe na Kericho. Inakua upesi na inalipa. Ureno imeipanda kwa ajili ya viwanda vya karatasi hadi imefika kama robo ya misitu yake. Magome yake hubanduka vipande virefu, na moto ukishika, upepo huyarusha yakiwa yanawaka na kuanzisha moto mwingine mbele. Tarehe 17 Juni 2017, eneo la Pedrógão Grande liliungua na watu 66 wakafa, wengi wao barabarani wakijaribu kukimbia. Agosti 2023 moto wa Evros, kaskazini mwa Ugiriki, uliteketeza zaidi ya hekta 80,000, takriban nusu ya kisiwa cha Unguja.

Wanaosikia kwamba misitu ya nchi za Ulaya ya kusini imeongezeka tangu katikati ya karne iliyopita hushangaa, kwa sababu wanaona moto tu. Imeongezeka, na ongezeko hilo, mahali ambapo halina mtunzaji, ndilo kuni. Na katika mikoa kama Andalusia, Hispania, serikali sasa huwalipa wachungaji wapeleke mbuzi na kondoo kwenye njia za kuzuia moto ili wale vichaka kabla ya kiangazi.

Kuna mahali ambapo watu hawakuwahi kuondoka kabisa, na ningependa wanaotaka kuelewa ardhi ya Mediterania waanzie hapo. Ni zile nyika zenye mialoni iliyotawanyika za kusini mwa Ureno na magharibi mwa Hispania. Chini ya miti wanalisha nguruwe, kondoo na ng'ombe. Juu ya miti wanavuna gome linalotengenezewa vizibo vya chupa. Mti husubiri karibu miaka 25 kabla ya gome la kwanza. Fundi hulipiga kwa shoka kiasi tu cha kupasua gome bila kuujeruhi utando wa ndani, kisha hulibandua kama unavyombandua mtoto nguo iliyoloa. Shina hubaki jekundu. Halafu huandika juu yake, kwa rangi nyeupe, tarakimu moja ya mwisho ya mwaka huo. Mti wenye 4 ulivunwa 2024, nao hauguswi hadi 2033, kwa kuwa gome huhitaji angalau miaka tisa kurudi. Kulikopandwa na kutunzwa hivi kumepata vivuli, malisho na ndege kwa karne nyingi, na mtu yumo ndani yake kila siku.

Mito nayo imegeuka. Ule mchakato ulioifukia Mileto sasa unakwenda kinyumenyume. Mabwawa yamejengwa karibu kila mahali, na mashapo yanakwama nyuma ya kuta zake. Delta ya mto Ebro, Hispania, ambako hulimwa mpunga, ilikua kwa karne nyingi kwa udongo wa milima iliyolimwa na kukatwa miti. Leo karibu mashapo yote yanazuiwa juu, na bahari inaila. Dhoruba ya Januari 2020 iliyoitwa Gloria ilipeleka maji ya chumvi ndani ya mashamba. Delta ya Nile nayo imo katika hali hiyo. Tope lake lilitoka zaidi nyanda za juu za Ethiopia, na tangu Bwawa Kuu la Aswan likamilike mwaka 1970 linatuama katika Ziwa Nasser. Pwani ya Rashidi, kwenye delta hiyo, inakatika.

Baada ya yote hayo, tabianchi inaingia wapi? Inaingia kwa nguvu. Ukanda wa Mediterania umeshapata joto la takriban nyuzi 1.5 zaidi ya lilivyokuwa kabla ya viwanda, kwa kasi kuliko wastani wa dunia, na bahari yenye joto huipa dhoruba maji mengi zaidi ya kumwaga. Ila dhoruba haitui hewani. Inatua juu ya ardhi ambayo imeshapangwa na watu, na hapo ndipo madhara yanapoamuliwa. Septemba 2023 dhoruba Daniel iliangusha mvua Ugiriki, kisha ikavuka hadi Libya. Huko mabwawa mawili yaliyojengwa miaka ya 1970 juu ya mji wa Derna yalipasuka usiku na kuzoa maelfu ya watu. Ni dhoruba moja, lakini aliyeuawa Derna aliuawa na ukuta usiotunzwa pamoja na mvua.

Upande wa Ugiriki, kituo cha Zagora kilipima zaidi ya milimita 700 kwa siku moja, kuliko Dodoma inavyopata kwa mwaka. Maji hayo yalishuka katika tambarare ya Thessaly. Hapo palikuwa na ziwa kubwa, Karla, lenye samaki na wavuvi. Mwaka 1962 lilikaushwa kwa sababu ya malaria, mafuriko na haja ya ardhi ya kulima. Wavuvi wakawa wakulima, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ikapandwa pamba. Baada ya Daniel, ziwa lilionekana tena kwenye picha za satelaiti, mahali pake pa zamani, juu ya mashamba yaleyale.